Rangi ya Kumpokea Mama

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Mzigo huu utakufikia pamoja na malalamiko ya karani wa mabasi, maana ameunyanyua akaniuliza kama nimefunga mawe. Ni ndoo za rangi, na kazi yako ni kumtafuta fundi kabla Mama hajatoka hospitali.

Umesema nyonga inaunga vizuri na daktari anafikiria kumruhusu mwisho wa mwezi. Basi tumpokee kama alivyokuwa akitupokea yeye. Unakumbuka marehemu Baba akiwa anakaribia kurudi kwenye zile kazi zake za barabara, Mama anafunga kitambaa kichwani, anapanda juu ya meza na brashi, na sisi tunakatazwa kupita? Mimi niliporudi kutoka bweni mara ya kwanza, sebule ilikuwa imebadilika hadi nikapiga hodi nyumbani kwetu. Mama alicheka akakaa chini sakafuni. Katika nyumba ile hakuna aliyerudi kutoka mbali akakuta ukuta ule ule, na sasa ni zamu yake kupokelewa.

Najua utauliza kwa nini si manjano. Manjano imekwisha, Dada. Nashinda chumba cha kuchanganyia rangi hapa kiwandani, naona ndoo zinazotoka na zinazorudishwa, na za manjano zinarudishwa. Wateja wanasema ni rangi ya korido za ofisi na nyumba za wastaafu. Kinachotoka sasa ni kijivu, na hiki nilichokutumia kinaitwa Jivu la Lulu. Kimetulia, kinapanua chumba. Mama hajawahi kuishi na rangi iliyopitwa na wakati, alikuwa wa kwanza mtaani kupaka ile dhahabu iliyopo, wengine wakafuata mmoja mmoja huku wanajitia ni wazo lao. Hatutamwaibisha leo kwa kuwa tu amevunjika nyonga.

Naandika barua kwa sababu simu yako haipatikani, na hata ingepatikana, picha ya rangi kwenye simu ni uongo mtupu. Nimepaka kidogo kwenye kona ya karatasi uione kwa macho yako. Msalimie Mama, lakini hili usimwambie.

Mdogo wako,
Kitinda


17 Februari

Kitinda,

Marahaba. Mzigo umefika, na karani wa huku naye kanipa maneno yake. Fundi niliyempata ni yule wanayemwita Kimya, jina alilopewa kwa kejeli, kwani tangu anaingia hadi anatoka mdomo wake haujapumzika. Nilipomtajia Jivu la Lulu aliniuliza lulu zinachomwa wapi na ni nani mwenye moyo huo. Amepiga msasa ukuta mzima huku ananisimulia ndoa zake, na sasa nazijua kuliko wake zake wanavyozijua.

Amemaliza jana. Kazi yake ni safi, hilo siwezi kumnyima. Lakini nikuambie ukweli: asubuhi nilipoingia sebuleni nilikwenda moja kwa moja kuwasha taa, nikakuta inawaka. Ile dhahabu ilikuwa imezeeka, ndiyo, pale nyuma ya kochi ilikuwa imechubuka kabisa, ila chumba kilikuwa na joto lake. Nitazoea. Wewe ndiye mtaalamu, mimi ni mshona sare za shule, naijua bluu na nyeupe basi. Mama Pacha wa nyumba ya pili alichungulia dirishani akasema inafanana na benki. Sikujua kama ni sifa.

Simu iliingia maji, bado sijanunua nyingine. Mama anaendelea. Juzi aliniita kwa jina la shangazi, nesi akasema ni dawa za maumivu. Daktari ana neno la kuniambia, lakini kila nikienda anakuwa na watu, ameniambia nirudi wiki ijayo.

Kula vizuri, na usishinde unavuta harufu ya rangi bila kufungua madirisha.

Dada yako


3 Machi

Kitinda,

Mama yuko nyumbani. Tumemleta kwa teksi, dereva akamshika mkono mmoja na mimi mwingine, na Mama Pacha akatubebea mto na fimbo.

Ulitaka nikueleze kila kitu kuhusu dakika ile, basi ndiyo hii. Alisimama mlangoni. Akatazama ukuta mmoja, kisha mwingine, taratibu, kama alivyokuwa akikagua pazia la mteja kabla ya kulikunja. Akausogelea ule wa dirishani akaugusa kwa kidole. Kisha akasema, "Pazuri hapa."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza chumvi. Nina cherehani inanisubiri, nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Dada yako


10 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikawasomea wenzangu wote chumba cha kuchanganyia. "Pazuri hapa." Unamjua Mama alivyo mgumu wa sifa. Nilipofaulu mtihani wa mwisho aliniambia, "Si vibaya." Nikamwambia msimamizi wangu kwamba mwanamke aliyeshonea mapazia nusu ya mji amekubali kijivu chetu, naye akatabasamu, jambo ambalo hutokea kwa nadra.

Sasa tusiishie njiani. Nimekutumia kitambaa cha mapazia cha kijivu cha mstari, na vifuniko vyeupe vya mito. Teremsha yale ya dhahabu, yanauvuruga ukuta. Kiti cha Baba kivalishe kitambaa hiki kizito, ile haradali ilipendeza enzi zile, leo inaonekana kama imemwagikiwa na kitu. Na kile kifuniko cha taa, Dada, nakuomba, kitupe au mpe fundi wako akavae ndoa ijayo. Kikibaki hata kitu kimoja cha manjano chumba kizima kitaonekana hakijaamua.

Nilikuwa nichukue likizo nije mwezi huu, lakini kazini wanapanga rangi za mwaka mpya wa mauzo na hawawezi kuniachia. Nikiona barua zako najisikia kama nipo hapo.

Kitinda


24 Machi

Kitinda,

Vitambaa vimefika na nimeshona. Mapazia ya dhahabu nimeyakunja nikayaweka juu ya kabati, sikuyatupa. Kiti cha Baba kimevaa.

Mama anatembea vizuri sasa, anatembea kuliko tulivyotarajia. Cherehani nimeihamishia karibu na mlango wa mbele, kuna upepo mzuri pale.

Usitume kitu kingine kwa sasa.

Dada yako


14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kuliko maelezo ya nyuma ya kopo la rangi. Kama nimekosea niambie, mimi si mtoto. Kama ni uchovu nitaelewa, kumuuguza mtu si mchezo, na najua ningepaswa kuwepo.

Nikupe kituko cha huku. Manjano imerudi. Ndiyo, ile ile. Msimamizi alituita wote, akaweka kibao mezani kimefunikwa, akakifunua kwa madaha kama anafunua sanamu, na chini yake manjano, ndugu yake kabisa wa zile ndoo tulizozirudisha stoo mwaka jana. Wameipa jina Asali Mbichi. Mwenzangu mmoja alicheka akasingizia kikohozi. Eti watu wamechoka na kijivu, wanasema kinawakumbusha mvua, wanataka nyumba yenye moyo. Watu hao hao, Dada. Wateja wa kwanza wamo wa huko kwenu, na kwenye orodha ya oda nimeliona jina la jirani yako Mama Pacha. Kumbe ana macho yule.

Usimpeleke Mama kwa Mama Pacha kwanza. Atatuambia tumemzeesha.

Kitinda


28 Aprili

Kitinda,

Nimekuficha jambo, na sasa siwezi tena.

Jumanne iliyopita Mama alitoka. Nilikuwa napima mtoto wa shule uani, nikarudi, mlango uko wazi na fimbo haipo. Nilikimbia hadi kwenye kituo cha mabasi, nikarudi, nikaingia kila kichochoro. Nilijikuta nawauliza watu kama wamemwona mama yangu, kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni. Mwishowe Mama Pacha akaniita dirishani kwake.

Mama alikuwa ameketi kwenye kochi la Mama Pacha, amevua viatu, amenyoosha mguu wenye nyonga mbaya juu ya kiti, ametulia. Sijamwona ametulia hivyo tangu hospitali. Kuta zote za manjano, ile mpya, bado inanuka. Akaniambia kwa upole, "Karibu. Umechelewa leo, nimeshafika nyumbani muda." Nilipomwambia twende kwetu alinishika mkono akanisihi nisimrudishe kule.

Sasa nikuandikie sentensi yake nzima ya siku ile aliyoingia. Hakusema tu, "Pazuri hapa." Alisema, "Pazuri hapa. Haya, tumeshaona. Sasa turudi nyumbani." Nami nikakuandikia nusu, kwa sababu uliingojea barua ile na sikuwa na moyo wa kukuvunja. Tangu siku ile, Kitinda, kila jioni anafunga vitu vyake kwenye shuka na kukaa nalo magotini akingoja apelekwe kwao. Ananishukuru kwa ukarimu. Anauliza mwenye nyumba hii ni nani na kama hatutamchosha.

Daktari nilimpata siku ya kumchukua, fundi ameshamaliza. Alisema ile si dawa, ni kumbukumbu inayoondoka, ilianza zamani na dawa ya usingizi ya upasuaji imeisukuma. Simu yangu haikuingia maji hivi hivi. Mama aliiosha kwenye beseni pamoja na vikombe, kabla hata ya kuanguka, na mimi nikajitia hamnazo. Daktari akanipa agizo moja: msibadilishe kitu chochote nyumbani, mwacheni akute kila kitu kama alivyokiacha. Nilisimama pale nikimsikiliza huku nanusa rangi mpya kwenye nguo zangu.

Na wewe uliposikia kijivu kimesifiwa ukatuma kingine. Nikamvua Baba kiti chake. Nikateremsha mapazia aliyoyashona mwenyewe, na yeye ameketi ananitazama. Nilikuwa nikifanya ulivyosema kwa kuogopa kukuambia, hilo ni langu. Lakini na lako niliseme: unatuma rangi badala ya kuja. Mama hahitaji mzigo kutoka kwako.

Mtaani wameanza kunishauri nimpeleke kwenye nyumba ya wazee ile ya nje ya mji. Nimewaambia mama yangu ana nyumba. Kisha nikaingia ndani nikamkuta na shuka lake magotini.

Dada yako


5 Mei

Dada,

Nimekasirika hadi herufi zinanikataa. Miezi miwili nilitembea kifua mbele nikiwasomea watu nusu ya sentensi. Kama ungeniambia siku ile ile ningepanda basi na ndoo mkononi. Usiniambie nisingepanda. Hujui.

Nimetuma dhahabu. Si Asali Mbichi yao, ni dhahabu yetu, nimeichanganya mwenyewe kwa kumbukumbu, nikaiongezea kahawia kidogo ili ikae kama ilivyokuwa imezeeka. Rudisha mapazia. Rudisha kiti. Mwite fundi Kimya leo, asimalize hata hadithi moja.

Na nyumba ya wazee isitajwe tena kwenye barua kati yangu na wewe.

Kitinda


26 Mei

Kitinda,

Imepakwa. Mapazia yamerudi, kiti cha Baba kimevaa haradali yake, hata kifuniko cha taa nimekirudisha, na ukiniuliza mimi, chumba kimekuwa kile kile. Niliketi ndani peke yangu nikalia, maana mimi nilikuwa nimefika.

Mama hakufika. Alisimama mlangoni kama mara ile. Nilimwona anahangaika, anatafuta, macho yanatua kwenye kitu na kuondoka. Akasema, "Hapa napafahamu. Nilishawahi kushona mapazia ya nyumba hii." Akayakagua, akasema mshonaji alikuwa na mkono mzuri. Jioni akafunga shuka.

Tumechelewa, Kitinda. Daktari anasema wagonjwa wa namna hii wanarudi nyuma kidogo kidogo, na pale alipokuwa akikumbuka mwezi wa pili si pale alipo leo. Nyumba anayoitaka ni ya kabla ya hii. Hata kwa Mama Pacha amekwishaacha kwenda, alikaa siku mbili tatu akasema pale pia si kwao.

Lakini kuna jambo nimeliona. Nyuma ya kabati la vyombo kuna pembe ambayo plasta imepasuka, fundi aliipaka juu juu tu bila kuiziba kwa kuwa kabati ni zito. Nimemkuta Mama amejibanza pale, anabandua kwa ukucha. Nilimkatazia kwa sababu vidole vilikuwa vinatoka damu. Kesho yake akarudi. Nikatazama anachobandua: rangi juu ya rangi, na chini kabisa, penye ukuta wenyewe, kuna manjano hafifu kama unga. Anaiwekea kiganja, anaacha kuhema kwa haraka, anatulia. Nilimletea chai akainywa amesimama hapo hapo.

Nimekata kipande chote hadi kwenye plasta, nimekifunga kwenye pamba ndani ya bahasha hii. Wewe unajua kuyasoma mambo haya.

Nilikuwa mkali kwenye barua ile nyingine. Maneno siyarudishi, lakini ukali naurudisha.

Dada yako


4 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimekisugua kipande chako ubavuni kwa msasa laini, nikakiweka chini ya kioo cha kukuzia, na maisha ya Mama yote yamo, membamba kuliko mkate.

Juu dhahabu yangu ya juzi, kisha kijivu, ambacho kwa kweli ni chembamba, Kimya alitubania ndoo. Chini yake dhahabu ya Mama, miaka ile kila nyumba ilitaka kufanana na ukumbi wa harusi. Kisha nyeupe. Nyeupe hiyo naikumbuka, jarida moja lilisema manjano ni ya jikoni tu, na Mama akaamini, akakaa katika weupe ule kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Halafu limau ya mafuta, ile ya kung'aa. Hiyo ni yangu, Dada. Ndiyo niliyoipigia hodi. Nilipoiona chini ya kioo ilibidi niombe ruhusa nitoke nje. Tulikuwa tunajiona sura ukutani, na ukipaka mkono wenye mafuta unafuta kwa kitambaa, ndiyo maana Mama aliipenda, watoto walikuwa wengi mtaani na wote walikuwa kwetu.

Chini yake kuna siagi, rangi ya mtu anayeitaka manjano lakini anaogopa majirani. Sijui nani alimtisha miaka hiyo. Kisha haradali nzito, na hapo wewe ulikuwa unatambaa. Iko hata kwenye picha yako ya mwaka wa kwanza, kochi la kahawia, mito ya machungwa, na wewe katikati na uso wa mtu aliyelazimishwa. Mama alikuwa akisema hiyo ndiyo ilikuwa fasheni ya kila mtu, madaktari hadi makarani, na miaka michache baadaye wote waliona haya hata kuitaja.

Na chini kabisa ni chokaa. Si rangi ya kiwandani. Ni chokaa iliyotiwa unga wa manjano kwa mkono, haikuchanganyika sawasawa, kuna vidonge vidogo humo. Hiyo ni ya Baba. Aliwahi kunisimulia kwamba aliipaka mwenyewe wiki ya kumleta Mama, kwa sababu Mama alikuwa akitoka mbali na alitaka akute mahali pamepambwa. Kumbe ule mtindo wetu Mama aliupata kwake. Hapo hata wewe hujazaliwa.

Kiwandani kwetu hatuna kitu kama hicho. Nimekwenda kwa mzee anayeuza chokaa nyuma ya yadi ya matofali, nimenunua unga, nimepima kwa kijiko hadi nikaupata. Vidonge nimeviacha makusudi. Mwambie fundi apake kwa brashi pana, tabaka jembamba, asipige kitu chochote juu yake, na itakuwa inaacha vumbi mkononi, ndivyo ilivyo.

Kuhusu kuja. Ulisema kweli na iliniuma kwa sababu ni kweli. Likizo nilipewa mwezi wa tatu, nikaikataa mwenyewe. Ile habari ya shangazi uliyoiandika mwanzoni niliielewa palepale, Dada, nami nikajitia hamnazo kama wewe. Naogopa kusimama mbele ya mama yangu akaniuliza mimi ni nani. Nimeogopa hilo hadi nimekuachia wewe uulizwe kila siku.

Kitinda


23 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na nimekuelewa. Nikueleze yote, safari hii bila kukata sentensi.

Fundi Kimya alipaka chokaa kwa siku mbili. Nilimweleza ni ya nini, na siku hizo mbili alikuwa kimya kweli. Kochi tulilitoa, tukaacha kiti cha Baba bila kifuniko, mbao tupu, na meza. Mapazia nikaweka kitambaa cheupe cha kawaida, kwa kubahatisha. Mama nilikuwa nimemwacha kwa Mama Pacha. Nikamfuata.

Aliingia bila kusimama mlangoni. Akaenda moja kwa moja ukutani akaweka viganja vyote viwili, akavitoa vimejaa vumbi la manjano, akacheka. Akajifuta kwenye gauni bila kujali. Akaketi kwenye kiti cha Baba na kusema, "Nimefika." Jioni sikuliona shuka. Amelala usiku kucha, na usiku uliofuata, na hadi leo ninapoandika hajafunga tena. Vidole vimepona. Anaimba akiwa peke yake. Anaweka vikombe viwili vya chai na kungoja kidogo kabla ya kunywa, kisha anasema barabara lazima imemchelewesha, na haoni uchungu wowote, kwa sababu aliyechelewa atakuja.

Basi tumemrudisha nyumbani, Kitinda, wewe na mimi. Mwanzo nilifurahi kama mwendawazimu. Ilinichukua siku nzima kuelewa tumemrudisha kwenye nyumba ipi.

Humo mimi simo. Hakuna aliyezaliwa. Kabla ya hapo alinikosea jina, akaniita shangazi, akaniita mwenye nyumba, lakini mara moja moja, nikimfunga vifungo au nikimchana nywele, ilikuwa inapita machoni na kwa dakika nzima nikawa binti yake. Nilikuwa naisubiri dakika ile. Sasa haiji. Kwake mimi ni binti wa mtaani mwenye adabu anayependa kuja kukaa. Ananionea huruma kidogo, nadhani anafikiri kwetu hapakaliki.

Nilimwita fundi. Nilimwambia niletee haradali, upake ukuta mmoja tu. Nilitaka ile ya picha, ile ambayo mimi natambaa. Nilisema labda akiamka akaikuta ataniona. Fundi alileta brashi akasimama ananingoja nimwelekeze ukuta gani. Mama alikuwa kwenye kiti anamenya chungwa, anatuangalia, akamuuliza fundi kama ni lazima, kwa sababu mume wake ndiye aliyepaka na angependa kumwonyesha atakaporudi kwamba hakuna palipochubuka. Nikamwambia fundi ahsante, nikamsindikiza nje. Haradali ipo uani, nimeifunika na gunia. Usinishauri lolote juu yake.

Njoo. Hutaulizwa wewe ni nani kwa ukali, hilo nakuhakikishia. Utakaribishwa. Utapewa kiti na chungwa, utaulizwa safari, na atakupenda, maana anapenda wageni kuliko alivyowahi kutupenda sisi tukiwa na magoti machafu. Itakuuma, siwezi kukudanganya. Mimi inaniuma kila siku na bado naingia, kwa sababu yeye hana maumivu, na nilikuwa nimesahau sauti yake ya kuimba. Njoo tukae wawili, peke yangu sitaweza muda mrefu.

Jana jioni nilikuwa nimeketi naye, nashona kitufe. Akatazama dirishani akaona giza linaingia, akanigusa goti.

"Binti," akasema, "una mama?"

"Ninaye," nikamjibu.

"Basi nenda nyumbani. Atakuwa anakutafuta."

Nikakusanya ushonaji wangu, nikamuaga kwa heshima, naye akanisindikiza hadi mlangoni na kungoja niondoke. Nikatembea hadi kwa Mama Pacha, nikageuka, nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni bila viatu, nikaanza kumpikia chakula cha usiku.

Dada yako